Jeong Cheol: aliyemlilia mfalme kwa sauti ya mwanamke

Kusini-magharibi mwa Korea husimuliwa kisa cha wanawake wa ukoo wa Yi wa Gwangsan na kibao chao cha kukatia nyama. Kila kisu kiliposhuka, walitaja jina la mtu: Jeong Cheol, Jeong Cheol, Jeong Cheol. Pigo moja, jina moja. Mtu mwenyewe alikufa mwaka 1593, lakini jikoni aliendelea kukatwakatwa vizazi na vizazi, mama mkwe akimfundisha mke wa mwanawe pamoja na namna ya kuchachua kabichi.

Mtu huyohuyo ndiye ambaye wanafunzi wa sekondari wa Korea Kusini hukesha wakimkariri kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mashairi yake marefu yako katika vitabu vya shule, na huko Damyang, wilaya ya mianzi alikokulia, kuna jumba zima la makumbusho la utanzu wa gasa, utanzu ambao hakuna aliyeufikisha alikoufikisha yeye.

Wanaompenda husema tuziache siasa zake tusome tungo. Wanaomchukia husema hakuna utungo unaofuta damu. Pande zote mbili zinakubaliana jambo moja, kwamba mshairi na hakimu ni watu wawili waliokaa ndani ya kanzu moja. Mimi hapo ndipo nisipokubali. Nikiyasoma mashairi yake ya mapenzi kwa mfalme, namwona hakimu humohumo, ameketi ameshika sindano na uzi.

Alizaliwa mwaka 1536 Hanyang, Seoul ya leo. Dada yake mkubwa alikuwa suria wa mrithi wa ufalme, na kwa sababu hiyo mtoto Cheol aliingia na kutoka ikulu kama nyumbani kwao, akicheza na mwanamfalme mdogo ambaye baadaye angekuwa Mfalme Myeongjong. Yule mrithi, Injong, alikaa kitini chini ya mwaka mmoja akafa, 1545. Zikafuata siku za kuwindana. Shemeji yake mwingine, mtu wa damu ya kifalme, aliuawa. Baba akahamishwa mbali, kaka yake akapigwa na kufia uhamishoni. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akicheza katika nyua za ikulu akawa anamfuata baba yake kutoka kifungo hadi kifungo.

Msamaha ulipotoka mwaka 1551 familia ilihamia Changpyeong, Damyang. Hapo alikaa miaka kumi akifundishwa na wasomi waliokuwa wamejitenga na makao makuu, watu waliojenga vibanda vya kupungia upepo juu ya vilima na kushindana humo kwa mashairi na pombe. Mwaka 1562 akaingia katika mtihani wa utumishi wa serikali na kushika nafasi ya kwanza nchi nzima. Myeongjong, rafiki wa utotoni, alifurahi sana. Furaha haikudumu. Ndugu mmoja wa mfalme alikuwa amemuua shemeji yake kwa tamaa ya mali, na mfalme akamwomba Jeong Cheol amwonee huruma kidogo. Jeong Cheol akahukumu kifo. Ikamgharimu miaka ya kuwekwa pembeni.

Kisa hicho hutajwa kama ushahidi wa uadilifu wake, na ni kweli. Tukiweke hapo hapo kwanza, kwa sababu kuna siku nyingine atakaa kwenye kiti cha hukumu na mfalme hataomba huruma.

Mwaka 1580 Mfalme Seonjo alimfanya gavana wa Gangwon, mkoa wa milima na pwani ya mashariki. Akatoka kwenye mianzi yake akisema ugonjwa wake ni wa kupenda maziwa na mito, akazunguka mkoa, na safari ile ikazaa gasa iitwayo Gwandong Byeolgok. Anapanda milima ya Geumgang, ambayo leo iko upande wa Korea Kaskazini, anafika kwenye maporomoko ya maji, na anaandika mstari ambao ningetoa vitabu vizima kuupata: ukiyasikia ni ngurumo, ukiyaona ni theluji. Sikio na jicho vimepewa habari mbili tofauti za kitu kimoja, na msomaji yuko njiani kati ya mbali na karibu bila kuambiwa kwamba anatembea.

Gasa, kwa asiyeijua, ni shairi refu lisilogawanywa beti. Linakwenda tu mbele kama utenzi, ila halina vina. Mizani iko, lakini ni ya mafungu: kila mstari una mafungu manne, na kila fungu lina silabi tatu au nne. Mwenye kushikilia kwamba pasipo vina hapana shairi atapata taabu kidogo hapa, na taabu hiyo itamfaa.

Katika ugavana huohuo alitunga sijo kumi na sita, tungo fupi za mistari mitatu, za kuwafunza raia adabu: mheshimu baba, mpende ndugu, usiibe. Nyingi ni amri za serikali zilizovishwa wimbo. Halafu inakuja hii:

Mzee uliyejitwika kichwani na mgongoni, tua mzigo unipe mimi.
Mimi kijana, hata mawe yataniwia mazito?
Uzee wenyewe ni huzuni, na mzigo tena ubebe?

Hapa gavana amesahau kwamba anatoa amri. Ameona mzee barabarani.

Kuhusu siasa nitakwenda haraka, maana ni msitu. Tangu 1575 maofisa wa Joseon, ufalme wa Korea wa wakati huo, walikuwa wamegawanyika kambi mbili, Mashariki na Magharibi, na Jeong Cheol alikuwa wa Magharibi, tena mwenye ulimi mkali na kiu kubwa ya pombe. Inasimuliwa kwamba Seonjo alimpa kikombe cha fedha na kumwagiza anywe kikombe kimoja tu kwa siku. Naye akakichukua kikombe akakigongagonga kwa nyundo mpaka kikapanuka, amri ya mfalme ikatimia na koo nalo likaridhika. Rafiki yake Yi I, mwanafalsafa aliyejaribu kuzipatanisha kambi hizo, alifariki mwaka 1584. Ukuta uliokuwa ukimkinga ukaanguka naye. Mwaka 1585 alishtakiwa na wapinzani, akaacha kazi, akarudi Changpyeong kwa miaka minne.

Miaka hiyo minne ndiyo iliyotoa Samiingok na Songmiingok, nyimbo mbili za kumkumbuka aliye mzuri, na hapa ndipo panapohitaji kutuliwa.

Mtu huyu alikuwa wa kwanza katika mtihani ulioandikwa kwa Kichina cha kale. Nyaraka zote za serikali, mashtaka, utetezi na barua za kuomba radhi viliandikwa kwa Kichina hicho. Herufi za Kikorea zilitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, lakini msomi wa karne ya 16 aliziona kuwa kitu cha barua za wanawake na nyimbo. Ofisa aliyeanguka na anayetaka kurudi alikuwa na njia yake iliyonyooka: waraka kwa mfalme, umejaa mifano ya watu wema wa China. Jeong Cheol aliiacha njia hiyo, akachukua herufi za wanawake na sauti ya mwanamke pamoja nazo. Anayezungumza katika Samiingok ni mwanamke aliyeachwa na mume.

Neno linalobeba shairi lote ni nim. Kwa Kikorea nim ni mpenzi na pia ni mkuu anayestahili kuinamiwa, na shairi halikwambii ni yupi kati yao. Watafsiri wa lugha za Ulaya huhangaika sana hapa. Wakiandika mpenzi, mfalme anatoweka, na wakiandika mfalme, kitanda kinatoweka. Zaidi ya hayo lugha nyingi za kwao huwalazimisha kuchagua mwanamume au mwanamke kila wanapotumia kiwakilishi. Kiswahili kimejaaliwa hapa. Tunalo bwana. Mke anasema bwana wangu, mtumwa anasema bwana wangu, na anayesali anasema Bwana wangu, na hatuhitaji kuweka tanbihi. Na yeye yetu haina jinsia, kama ilivyo kwa Wakorea. Kwa hiyo mistari ya kwanza yaweza kuingia kwetu karibu bila kuvunjika mguu:

Mwili huu ulipoumbwa uliumbwa umfuate bwana,
ni fungu la maisha, mbingu zisilijue?
Mimi ni kijana tu, na bwana ananipenda mimi tu,
moyo huu na pendo hili havina cha kulinganishwa navyo.

Kisha anashuka. Jana tu alikuwa na bwana katika kasri la mwezini, leo yuko duniani, na nywele alizozichana siku ya kuja zimekaa timtim mwaka wa tatu. Poda na wanja vipo. Ajipambe kwa ajili ya nani?

Misimu inapita mmoja mmoja na katika kila mmoja anatafuta cha kumpelekea bwana: tawi la ua lililochanua kwenye baridi, mwanga wa mwezi aukamate kwa mkono, joto la jua la majira ya baridi. Bora kuliko vyote ni nguo. Anakata hariri, anafungua nyuzi za rangi tano, anapima kwa rula ya dhahabu, anashona vazi la bwana, analiweka ndani ya kisanduku cha jiwe jeupe. Halafu anatazama alipo bwana, na kati yao kuna milima na mawingu. Nani ataibeba? Na ikifika, ataifungua na kuipokea kana kwamba ni mimi?

Mke hakwenda kuomba vipimo, na shairi halisemi alivipata wapi. Anaujua mwili wa bwana kwa kichwa. Waraka wowote wa Kichina kuhusu uaminifu wa maofisa ungehitaji kurasa kumi kulidai jambo hilo, na bado lisingeaminika. Hapa limo kwenye rula.

Mwisho wake ndio unaonitisha. Mwanamke anasema heri afe awe kipepeo, atue kila tawi lenye maua, kisha kwa mbawa zenye harufu nzuri ahamie kwenye nguo za bwana. Bwana asijue kwamba ni mimi, mimi nitamfuata tu.

Uzuri wake haupingiki. Ila yatazame maneno yenyewe, kwamba bwana asipojua, si kitu. Hili ni pendo lisilodai kutambuliwa wala kujibiwa, na halijiwekei mpaka wowote. Kwa mke wa kwenye shairi ni msiba mtamu. Kwa mtu anayesubiri kuitwa tena serikalini ni tangazo la aina ya mtumishi atakayekuwa akiitwa.

Na aliitwa. Oktoba 1589 gavana wa Hwanghae alipeleka habari kwamba Jeong Yeo-rip, msomi aliyewahi kuwa Magharibi akahamia Mashariki, anaandaa uasi. Jeong Yeo-rip alikuwa ameunda chama cha watu wa tabaka mbalimbali waliofanya mazoezi ya silaha, na alisifika kwa kusema kwamba dunia ni mali ya wote, haina mwenyewe mmoja. Alikimbilia Jukdo akajiua, na kwa hiyo swali la kama kweli alitaka kuasi likafa naye. Jeong Cheol alitoka Changpyeong, akaingia mji mkuu, na Seonjo akampa uwaziri wa tatu kwa ukubwa pamoja na usimamizi wa uchunguzi.

Kilichofuata kilikwenda takriban miaka mitatu, na hesabu inayotajwa kwa kawaida ni watu wapatao 1,000 waliouawa au kuangamizwa kwa njia nyingine, wengi wao wa kambi ya Mashariki, na wengi wa Jeolla, mkoa uleule uliompokea alipokuwa kijana asiye na kwao. Yi Bal, mmoja wa vigogo wa Mashariki, alikufa kwa mapigo ya mahojiano. Mama yake aliyepita miaka 80 na mtoto wake mdogo wa kiume nao waliingizwa kwenye mahojiano, wakafa. Yi Bal alikuwa wa ukoo wa Yi wa Gwangsan. Kile kibao cha nyama kimetoka hapo.

Wanahistoria bado wanabishana kuhusu siku ya mama na mtoto, nani hasa alikuwa akiongoza mahojiano, Jeong Cheol au mwenzake wa Mashariki aliyeshika kiti baada yake. Watetezi wake hawakosi hoja. Hoja kubwa kuliko zote ni Seonjo mwenyewe, mfalme aliyekuwa hodari wa kuitumia kambi moja kuipiga nyingine kisha kunawa mikono. Nakubali. Aliyetaka damu alikuwa mfalme. Lakini mfalme anayetaka damu humtafuta mtu aliyekwisha kuandika kwamba atamfuata hata asipojulikana. Yule kijana aliyemkatalia Myeongjong kwa ajili ya sheria hakuonekana 1589. Safari hii sheria na matakwa ya bwana vilielekea upande mmoja, na kati yake na mtuhumiwa hapakuwa na kitu cha kumzuia.

Wapo watakaosema namsomea mtu nia yake kupitia kipepeo. Labda. Ila mashairi haya hayakuandikwa yasomwe kama mashairi ya bustanini. Yalikuwa siasa tangu neno la kwanza, kila msomaji wa wakati ule alijua nim ni nani, na ni sisi tunaotaka kuyasafisha yaingie darasani.

Malipo yake aliyapata upesi. Mwaka 1591 palihitajika mrithi wa kiti, malkia hakuwa na mtoto wa kiume, na Jeong Cheol akatoa jina la Gwanghae, mwana wa suria. Seonjo alikuwa na mwingine moyoni, mwana wa suria mwingine aliyempenda. Mshairi akavuliwa cheo akapelekwa uhamishoni, mwishowe Ganggye, kaskazini kabisa. Mwaka uliofuata majeshi ya Japani yakaingia, mfalme akakimbia mji mkuu, na katika kukimbia huko Gwanghae akatangazwa mrithi, jina lilelile. Jeong Cheol akafunguliwa, akamfuata mfalme njiani, akatumwa ujumbe China, akarudi, akashtakiwa tena, akajiuzulu. Alikufa kisiwani Ganghwa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1593, kwa kalenda ya mwezi ya wakati huo. Mwaka uliofuata akavuliwa vyeo vyake akiwa kaburini.

Wimbo wake wa pombe, Jangjinjusa, huwa nausoma nikiwaza kaburi hilo. Tunywe kimoja, na kimoja tena, anasema, tuchume maua tuyahesabie vikombe, tunywe bila kikomo. Mwili huu ukishakufa, ukifunikwa mkeka na kubebwa mgongoni mwa hamali, au ukitangulizwa kwa jeneza la mapambo na watu elfu kumi wakilia nyuma, ukifika kwenye nyasi ndefu chini ya miti, jua la manjano, mwezi mweupe, manyunyu na theluji nzito, ni nani atakayesema tunywe kimoja? Tena nyani akija kupiga mbinja juu ya kaburi, majuto yatafaa nini. Mwanamume huyu, aliyejua kabisa kwamba hamali na jeneza la mapambo hufika mahali pamoja, alitumia uhai wake wote kugombea jeneza.

Karibu miaka mia baadaye Kim Man-jung, naye mtu wa ikulu na naye alionja uhamisho, alizipima gasa tatu za Jeong Cheol akasema ndizo maandishi ya kweli pekee nchini. Sababu aliyoitoa ingali na makali. Wasomi wetu, alisema, wanaacha lugha yao na kuiga ya wengine. Hata wakiiga vizuri kiasi gani, ni kasuku anayesema maneno ya mtu. Watoto wanaokwenda kuni na wanawake wanaoteka maji, kwa nyimbo zao zinazodharauliwa, wana ukweli mwingi zaidi. Akaongeza kwamba kati ya hizo tatu Songmiingok ni bora, kwa kuwa mbili nyingine bado zinajipamba kwa maneno ya Kichina.

Amesema sawa, na bora wake haumo kwenye msamiati pekee. Songmiingok ina wanawake wawili. Mmoja anamwona mwenzake njiani jua likizama: bibi uendaye, kama nakujua, umeachanaje na mji wa mbinguni, na giza hili unakwenda kumtazama nani? Yule wa pili anamweleza. Anajilaumu. Ana wasiwasi kama bwana anakula uji wake wa asubuhi na kama analala. Amepanda mlima, amekwenda mtoni, mashua ipo tupu, mwenye kuiendesha hayupo. Usiku amemwota, uso ule kama jiwe la thamani umekwisha kuzeeka nusu, na kabla hajasema la moyoni machozi yamemziba, jogoo asiye na adabu akawika. Heri nife niwe mwezi unaotua, anasema, nimulike ndani ya dirisha la bwana.

Ni kipepeo tena, kwa umbo jingine. Ila safari hii kuna anayesikiliza. Bibi, anamjibu, mwezi wa nini, uwe hata mvua mbaya isiyokatika. Mwezi uko mbali na hutoka na kupita, mvua hulowesha. Wachambuzi wa Korea huusoma mstari huo kama kilele cha mapenzi yenyewe, na pengine ndivyo mtunzi alivyokusudia. Mimi husikia humo mtu aliyechoka kidogo na mianga na vipepeo vya mwenzake, anayemwambia kama ni kumfikia bwana basi amfikie kweli, atambulike, alowe naye. Jeong Cheol hakumpa yule wa pili nafasi ya kujibu. Shairi linaishia hapo, kwenye mvua.